Malaria ya ubongo: kimelea kisichovuka ukuta

Mtoto wa Magoma, wilayani Korogwe, akichemka homa kisha akakakamaa na kugeuza macho, watu husema degedege limempata. Mara nyingi kipimo huonyesha malaria, na akipoteza fahamu huambiwa ni malaria ya ubongo. Wengi hudhani vimelea vimeingia kwenye ubongo. Havijaingia.

Seli zinazounda kuta za mishipa myembamba ya ubongo zimebanana kama vigae vilivyozibwa kwa saruji. Sukari hupitishwa na protini maalumu, na dawa ndogo zinazoyeyuka kwenye mafuta hupenya zenyewe. Nyingi nyingine hubaki nje, au zikiingia husukumwa zirudi kwenye damu.

Kimelea cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu na kuivika protini zinazonata. Chembe hiyo hunasa kwenye ukuta wa mshipa, ikakwepa kuchujwa kwenye wengu. Mwaka 2012, sampuli za watoto waliolazwa katika Hospitali ya Wilaya ya Korogwe ziliwasaidia watafiti kutambua protini zinazoambatana na malaria kali. Mwaka uliofuata ikajulikana zinakoshika: kipokezi kiitwacho EPCR, kinachosaidia kuzuia damu isigande ovyo na mshipa usivuje. Kikishikwa, mshipa huziba, ukuta huvuja na ubongo huvimba. Huko Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta uvimbe mkubwa wa ubongo kwa watoto 21 kati ya 25 waliofariki.

Ndiyo maana dawa mbili za mtoto huyu hufanya kazi pande mbili za ukuta. Diazepamu ya kukomesha degedege ni lazima ivuke, na huvuka upesi kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta. Artesunati hailazimiki kuvuka, maana vimelea viko kwenye damu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010, likihusisha watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Hospitali Teule ya Muheza, lilionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesunati na 10.9 kwa waliopewa kwinini.

Malale ni kinyume chake. Vimelea vyake huvuka hadi kwenye ubongo, dawa ya suramini ikabaki nje, na kwa miaka mingi madaktari walilazimika kutumia melarsoprol yenye aseniki, iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini.

Tukirudi kwenye malaria, artesunati huua vimelea tu. Haiondoi uvimbe uliokwisha kutokea. Kwa hiyo kila saa ina thamani. Mtoto wa chini ya miaka sita akiwa mbali na hospitali anaweza kuwekewa artesunati ya njia ya haja kubwa kwenye zahanati, kisha apelekwe hospitali mara moja. Wazazi wa Lushoto juu wawe waangalifu zaidi wakishuka na watoto bondeni: milimani malaria huambukizwa kwa nadra, hivyo watoto hao hawana kinga ya kutosha.