Mtungi wa Gesi Jikoni: Namna Unavyofanya Kazi na Namna ya Kuutunza

Moto wa kuni humwonya mtumiaji wake mapema. Moshi wake huuma macho, cheche zake huonekana, na joto la jivu lake hujulikana na kila mtoto aliyekulia karibu na mafiga. Gesi ya kupikia haina maonyo hayo. Inapowaka vizuri haitoi moshi, inapovuja haionekani, na sumu inayoweza kutokana na mwako wake mbaya haina rangi wala harufu. Mtu aliyezoea kuni na mkaa kwa miaka mingi, kisha akahamia gesi, hawezi kutegemea mazoea yake ya zamani. Hana budi kujifunza upya tabia za moto.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwawezesha asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Faida zake kwa misitu na kwa mapafu ya wapishi hazina ubishi. Lakini mitungi inapoingia majumbani, maarifa ya kuitumia hayana budi kuingia pamoja nayo. Kwa bahati njema, sehemu kubwa ya maarifa hayo imo tayari katika masomo ya kemia na fizikia yanayofundishwa katika shule za sekondari.

KILICHOMO NDANI YA MTUNGI

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa hidrokaboni mbili: propani (C₃H₈) na butani (C₄H₁₀). Katika shinikizo la kawaida la hewa, propani huchemka kwenye nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, na butani karibu na nyuzi sifuri. Kwa hiyo katika joto la Dodoma au Dar es Salaam zote mbili zingekuwa gesi. Zinapofungiwa ndani ya mtungi wa chuma kwa shinikizo kubwa hugeuka kuwa kimiminika. Lita moja ya kimiminika hicho ikiachiwa huru huwa takriban lita 250 za gesi.

Tofauti hiyo ya ujazo ndiyo faida ya mtungi, na ndiyo hatari yake pia. Kwa sababu hiyo mtungi mdogo wa kilo 6 waweza kubebwa kwa mkono mmoja na bado ukapikia nyumba kwa siku nyingi. Lakini kwa sababu hiyohiyo mtungi lazima usimame wima wakati wote. Ukisimama, mvuke hukaa juu na ndio unaopita kwenye vali. Ukilazwa, kinachofika kwenye vali ni kimiminika, na kila tone linalotoka hutanuka mara 250 nje ya mtungi.

Mtungi pia haujazwi hadi juu. Viwanda hujaza takriban asilimia 80 ya ujazo wake na kuacha nafasi iliyobaki kwa ajili ya kimiminika kutanuka kinapopata joto. Anayejaza mitungi kwa siri, bila mizani wala vipimo, huweza kuiondoa nafasi hiyo. Siku mtungi wa namna hiyo utakapoachwa juani, kimiminika hakitakuwa na mahali pa kutanukia. Kwa hiyo mnunuzi anapodai mtungi wenye lakiri nzima, kutoka kwa wakala anayetambuliwa, anailinda nyumba yake.

Wengi hujiuliza jinsi ya kujua kiasi cha gesi kilichobaki. Nguvu ya mwali haisaidii sana, kwa maana shinikizo la mvuke ndani ya mtungi hutegemea zaidi joto kuliko wingi wa kimiminika. Maadamu kimiminika kipo, mwali huendelea karibu vilevile, kisha hufifia kwa muda mfupi. Njia ya uhakika ni mizani: pima mtungi, kisha toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye chuma chake.

GESI INAYOTAMBAA SAKAFUNI

Wastani wa uzito wa molekuli za hewa ni karibu 29. Wa propani ni 44, na wa butani ni 58. Hesabu hii fupi yaonyesha kwamba propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani kwa mara mbili. Gesi ya mtungi inapovuja haipandi darini. Hushuka, hutambaa sakafuni, huingia mashimoni na kwenye mifereji, na huweza kukaa huko muda mrefu pasipo na upepo.

Hapo yafaa kutofautisha gesi hii na gesi asilia, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na ambayo leo hufikishwa kwa bomba katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam. Gesi hiyo karibu yote ni methani, ambayo uzito wa molekuli yake ni 16 tu. Ikivuja hupanda juu. Dirisha la juu laweza kuitoa gesi asilia, lakini halitoshi kuitoa gesi ya mtungi. Hii huhitaji mlango ulio wazi hadi chini, au matundu yaliyo karibu na sakafu.

Ni kiasi gani cha gesi kinachotosha kuleta balaa? Mchanganyiko wa gesi hii na hewa huanza kuweza kulipuka gesi inapofikia karibu asilimia 2. Chukua chumba cha kupikia chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 3, na chukulia kwamba gesi iliyovuja imeenea katika nusu mita ya chini tu. Tabaka hilo lina ujazo wa mita za ujazo 4.5, na asilimia 2 yake ni lita 90. Katika joto la kawaida moli moja ya gesi huchukua karibu lita 24. Basi lita 90 ni kama moli 3.75. Ukichukua gramu 50 kuwa wastani wa uzito wa moli moja, jumla ni chini kidogo ya gramu 190. Hicho ni kiasi cha kimiminika kinachoweza kuingia katika chupa moja ndogo ya soda. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi vipimo vya vyumba vya kwao wakaifanya hesabu hii wenyewe.

HARUFU ILIYOTIWA KWA MAKUSUDI

Propani na butani safi hazina harufu ya kutambulika. Harufu kali inayosikika mpira unapovuja, inayofanana na ya mayai viza au vitunguu vilivyooza, imetiwa kiwandani kwa makusudi. Kemikali inayotumika sana ni etanithioli, yenye salfa ndani yake, ambayo pua ya mwanadamu huitambua hata inapokuwa kidogo mno.

Desturi hii ilienea kwa sababu ya msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi asilia isiyo na harufu iliyokuwa ikitumiwa kupasha joto jengo la shule ilivuja na kujaa chini ya sakafu. Inaaminika kuwa cheche ya mashine ya umeme ndiyo iliyoiwasha. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Hakuna aliyekuwa na njia ya kuitambua gesi ile kabla ya mlipuko. Baada ya msiba huo Texas ilitunga sheria ya kutia harufu katika gesi, na nchi nyingi zikafuata mkondo huo.

Harufu hiyo, hata hivyo, ni mlinzi mwenye udhaifu. Pua huzoea: aliyekaa ndani kwa muda huacha kuisikia, hali anayeingia kutoka nje huisikia mara moja. Neno la mgeni anayesema “hapa pananuka gesi” lisipuuzwe.

RANGI YA MWALI

Jiko la gesi ni ndugu wa kichomeo kinachotumiwa katika maabara ya shule, kilichopewa jina la Robert Bunsen na kutengenezwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1855. Katika vyote viwili gesi hutoka kwa kasi kwenye tundu dogo, huvuta hewa pembeni, na huchanganyika nayo kabla ya kuwaka. Propani inapopata hewa ya kutosha huungua hivi:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Ujazo mmoja wa propani wahitaji ujazo 5 wa oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, hiyo ni sawa na ujazo wa karibu 24 wa hewa. Jiko dogo hula hewa nyingi kuliko gesi.

Mwali wa samawati uliotulia ni dalili kwamba hewa inatosha. Mwali wa njano unaodumu, wenye kuacha masizi chini ya sufuria, ni dalili kwamba chembe za kaboni zinang’aa ndani ya moto bila kuungua zote. Mara nyingi sababu ni ndogo: uji uliomwagika umeziba matundu, au vumbi na utando wa buibui vimeziba njia ya hewa. Mpishi asichanganye jambo hili na mimweko mifupi ya rangi ya machungwa inayotokea mchuzi wenye chumvi unapomwagikia moto. Hiyo ni rangi ya sodiamu, ileile inayoonekana katika majaribio ya maabara, nayo hupita.

SUMU ISIYOONEKANA

Hewa inapopungua, sehemu ya kaboni haifikii kuwa kabonidioksidi. Huishia kuwa kabonimonoksidi, CO. Mfaransa Claude Bernard alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba gesi hii huidhuru damu. Himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, huishika kabonimonoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mtu huvuta pumzi kama kawaida, lakini damu yake haifikishi oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika nchi zetu ni rahisi sana kuzidhania kuwa za malaria. Tofauti moja yafaa kukumbukwa: ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua kwa wakati mmoja, bila homa, na wanapata nafuu wanapotoka nje, mtu ashuku moto kabla ya kumshuku mbu. Watolewe kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali.

Jiko la gesi lililo safi, katika chumba chenye hewa, hutoa sumu hii kidogo sana. Jiko la mkaa hutoa nyingi, hata pale makaa yanapokuwa mekundu bila moshi. Katika nyanda za baridi kama Njombe, Makete na Lushoto, kuingiza jiko la mkaa chumbani na kulala milango ikiwa imefungwa ni kuhatarisha maisha. Jiko la gesi nalo halikutengenezwa kwa kupasha chumba joto usiku.

MATUNZO NA TAHADHARI

Kutokana na yaliyoelezwa, kanuni zifuatazo zinajieleza zenyewe.

1. Mtungi usimame wima, kivulini, mbali na moto, mahali penye upepo hadi chini.

2. Rejista ya shinikizo, yaani regyuleta, hupunguza shinikizo kubwa la mtungini hadi kiasi kidogo jiko linachokihitaji. Isichezewe wala kutengenezwa kienyeji. Ikiharibika, inunuliwe nyingine inayolingana na vali ya mtungi.

3. Mpira uwe wa gesi, si wa maji, na ubanwe kwa vibanio katika ncha zote mbili. Usipite nyuma ya jiko lenye joto. Ukipasuka, ukigumu au ukipita muda ulioandikwa juu yake, ubadilishwe.

4. Kila mtungi unapobadilishwa, maungio yapakwe povu la sabuni. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kiberiti kisitumiwe kamwe kupima uvujaji.

5. Kiberiti kiwashwe kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Baada ya kupika, vali ya mtungi ifungwe, si kitufe cha jiko pekee.

6. Vichwa vya jiko vioshwe na matundu yazibuliwe mara tu mwali unapoanza kuwa wa njano.

Harufu ya gesi ikisikika ndani ya nyumba, funga vali ya mtungi ikiwa yafikika bila hatari, fungua milango na madirisha, na watoe watu wote nje. Swichi ya taa isiguswe, iwe ni kuwasha au kuzima, kwa maana zote mbili hutoa cheche. Feni ya umeme nayo isiwashwe. Simu ipigwe ukiwa nje. Namba ya zimamoto nchini Tanzania ni 114.

Na kama moto umeshika kwenye mpira, cha kwanza ni kukata gesi kwenye vali. Ikiwa vali haifikiki, watu waondoke na kuwaachia zimamoto. Kuuzima mwali huku gesi ikiendelea kutoka ni kubadili hatari inayoonekana kwa hatari isiyoonekana, kwani gesi hiyo itajaa sakafuni ikingoja cheche nyingine.