Kabla ya kuagiza kwenye mgahawa wa Kitaliano, ulizeni

Kighare. Desemba ikifika, magari kutoka mbali huanza kupanda milima ya Upare. Watoto wanaokulia Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hufikishwa kwa babu na bibi Usangi, na kwa wiki mbili tatu hula makande, ugali na ndizi. Siku familia ikishuka kwenda Moshi, huwa zamu yao kuchagua chakula. Wengi hutaja pizza.

Hapo ndipo wazazi hubanwa. Orodha ya vyakula ya mgahawa wa Kitaliano ina majina magumu kutamka, bei zake si za mama lishe, na mhudumu amesimama anasubiri. Kwa kuogopa kuonekana mshamba, mzazi hugusa kwa kidole jina asilolijua. Kwa familia isiyokula nguruwe wala kugusa pombe, hasara ya aibu hiyo haiishii kwenye fedha.

Ni chakula cha watu wa kawaida

Aibu hiyo haina sababu. Vyakula vingi vya Kitaliano vilianzia kwa wakulima na vibarua. Pizza ilikuwa chakula cha mitaani cha maskini wa Naples, na mwaka 2017 Unesco iliuingiza ufundi wa waokaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni. Kaskazini mwa Italia, wakulima waliishi kwa polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa kwa maji na chumvi. Ni ugali, ila mara nyingi huwa laini zaidi na wa njano. Ipo pia pasta e fagioli, tambi zilizopikwa na maharage, ambayo mtu aliyelelewa kwa makande ataielewa kwa kijiko cha kwanza.

Afrika Mashariki nayo si ngeni kwa mapishi hayo. Wasomali walirithi tambi kutoka enzi za ukoloni wa Italia, wakaziita baasto, na wengi huzila na ndizi mbivu pembeni. Malindi, Kenya, Waitaliano waliongezeka baada ya nchi yao kujenga karibu na mji huo kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco, ambacho mwaka 1967 kilirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini. Leo pizza na tambi ni vyakula vya kawaida mjini humo.

Majina ya kuyajua

Usangi ina Waislamu wengi, na Upare Kusini ina Wasabato tangu wamisionari wao walipofika mwaka 1903. Wote hawa wana sababu ya kuuliza kilichomo kwenye sahani.

Prosciutto, pancetta na guanciale ni nyama ya nguruwe. Salami nyingi pia ni za nguruwe. Tambi za carbonara hupikwa kwa mayai, jibini na guanciale, na amatriciana nayo ina guanciale. Bolognese ni mchuzi wa nyama ya kusaga. Italia mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo usidhani ni ng'ombe tupu mpaka uambiwe.

Jina moja huwachanganya wengi. Pepperoni ya kwenye pizza ni soseji, na kwa kawaida ina nguruwe. Lakini kwa Kitaliano, peperoni ni pilipili hoho.

Pombe nayo hujificha. Risotto, wali wa Kitaliano, mara nyingi hutiwa divai nyeupe wakati wa kupika. Tiramisu, kitamu cha baada ya chakula, ina kahawa, kwa kawaida mayai mabichi, na mara nyingi pombe. Haimfai mtoto mdogo wala mjamzito.

Ukitaka usalama, anza na pizza margherita, yenye nyanya, jibini na majani ya mrehani. Marinara ni rahisi zaidi, nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta. Jina lake linakumbusha bahari, lakini haina samaki. Kwa wenye masharti makali, uliza pia kama kisu na ubao wa kukatia nyama ya nguruwe ndivyo vinavyokatia pizza zote.

Hesabu kabla ya kuketi

Orodha ya Kitaliano hupangwa kwa hatua: antipasto ni vya kufungulia, primo ni tambi au wali, secondo ni nyama au samaki, na dolce ni vitamu. Hakuna anayelazimika kuzipitia zote. Familia ya watu watano inaweza kuagiza pizza mbili kubwa na sahani moja ya tambi, ikaomba sahani tupu za kugawana.

Piga simu siku moja kabla kuuliza bei, na kama VAT na huduma vimo ndani yake. Vinywaji ndivyo huvimbisha bili kimyakimya, hivyo kubalianeni idadi ya soda mkiwa bado njiani. Wapare wametaniwa vya kutosha kwa kuhesabu senti; mtoto akiona baba na mama wakihesabu bila kununa, amepata somo la bure. Mwisho, daini risiti.

Babu na bibi wakiwemo

Waitaliano huepua tambi zikiwa bado na ugumu kidogo katikati. Mzee atasema hazijaiva, na ana haki ya kuomba ziongezwe dakika chache motoni. Tambi ndefu huzungushwa kwenye uma kidogo kidogo, lakini hakuna ubaya mtoto mdogo akikatiwa. Pizza inaweza kuliwa kwa mkono, hivyo nendeni kunawa kwanza.

Kazi ya kuuliza apewe mtoto mwenye umri wa kujieleza. Mfundisheni sentensi moja, "Samahani dada, hii ina nyama gani?" Mhudumu asipokuwa na uhakika, aombwe kwa upole amuulize mpishi. Jibu lisipoeleweka, agizeni kingine. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo akiwa na wazazi wake ataweza kuuliza pia siku atakapokuwa mezani peke yake, bwenini au kwa rafiki.