Je, Mama Mkristo Afukize Udi?

Mama Mkristo aliyeolewa Makurunge, au popote katika pwani hii ya Bagamoyo, hakosi kukutana na swali la chetezo. Jirani yake hufukiza udi, na khanga zake zinanukia vizuri. Yeye naye akijaribu, ataambiwa na mwenzake wa kanisani kwamba ubani ni chakula cha pepo. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwani waganga kweli huutumia.

Akina mama, swali hili ni la zamani sana. Mnamo mwaka 112, Plinius, gavana wa Kirumi katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimtaka kila aliyekana Ukristo athibitishe kwa kutoa ubani na divai mbele ya sanamu ya Kaisari. Walioshikilia imani yao aliamuru wauawe. Ndiyo maana Wakristo wa kwanza waliuogopa ubani. Tertullian wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, aliandika mnamo mwaka 197 kwamba wao hawaununui kwa ajili ya miungu. Manukato ya Arabuni waliyatumia kuzikia wafu wao, tena kwa gharama kubwa.

Kumbe shida haikuwa moshi, bali yule anayefukiziwa. Mama anayefukiza ili kuita bahati au kutuliza mizimu amesimama mbele ya sanamu ileile. Anayefukiza shuka za ndoa yake hayupo hapo.

Harufu yenyewe hawakuidharau. Paulo aliwafananisha waamini na manukato ya Kristo, na Yohana akasimulia jinsi nyumba ya Bethania ilivyojaa harufu ya marhamu ya Mariamu. Klementi wa Aleksandria, aliyefundisha miaka ileile ya Tertullian, aliwakemea wanawake waliozidisha marashi. Alitaka wanukie Kristo. Hata hivyo aliwaruhusu wachague machache, yasiyomlemea mume. (Hata abiria wenzetu wa daladala wangemshukuru!)

Baada ya mateso kukoma, ubani uliingia kanisani. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu kati ya miaka 381 na 384, aliandika kwamba Jumapili alfajiri vyetezo viliingizwa katika pango la kaburi la Bwana, na kanisa zima likajaa harufu. Nao Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, harufu hiyo haikuwa ngeni kwa watu wa hapa: majahazi yalikwisha kuleta ubani wa Somalia na Arabuni tangu zamani.