Bibi Anayejua Samaki Walipo

Kamba ya dema imelowa na ina ubaridi wa kuuma vidole. Mjukuu wa miaka minane anaivuta mkono baada ya mkono, na babu amemshika mkanda wa jaketi la kuokolea maisha asije akapinduka. Dema inaibuka na kaa sita. Sasa kazi ni ya bibi. Ana kipimo cha plastiki chenye pengo sawasawa na upana wa gamba unaoruhusiwa na sheria. Anamgeuza kaa wa kwanza chali: kifuniko cha tumboni kikiwa chembamba chenye ncha, huyo ni dume; kikiwa kipana cha mviringo, ni jike, na jike anarudishwa majini papo hapo. Madume nao wanapimwa mmoja mmoja. Katika sita, wanaoingia ndooni ni wawili.

Ndivyo majira ya joto yanavyokwenda kwa wastaafu wengi wa Bahari ya Salish, yale maji yenye visiwa vingi kati ya Kisiwa cha Vancouver, Kanada, na jimbo la Washington, Marekani. Mume na mke ninaowaeleza hapa ni sura ya wengi. Walifanya kazi miaka thelathini na ushei, wakanunua boti ya dizeli iliyokwisha kutumika, na kila mwezi wa sita wanafungua kamba gatini na kuelekea kaskazini. Humo wanalala, humo wanapika. Shule zikifungwa, watoto wao wanawaletea wajukuu kwa wiki moja au mbili. Mwezi wa tisa, mvua zikikaribia, wanarudi.

Mgeni akipanda boti yao atadhani wanazurura tu. Sivyo. Bibi ana daftari lililovimba kwa unyevu, ndani yake tarehe, jina la ghuba, hali ya maji, chambo na kilichopatikana, mwaka baada ya mwaka. Siku hizi halifungui mara nyingi. Anajua ghuba ambayo kamba wake wakubwa wako chini sana, na mwamba ambao maji yakipwa hauna kitu lakini yakianza kujaa samaki wanajaa nao. Ninachotaka kueleza ni thamani ya ujuzi wa namna hiyo, kwa sababu katika bahari hiyo hiyo kuna familia nyingine, si za watu, ambazo uhai wao unautegemea.

Kwanza maji yenyewe. Mtu wa mwambao wetu anajua bamvua na maji mafu tangu utotoni. Kule bahari inajaa na kupwa vilevile, ila inalazimika kupita katika milango myembamba baina ya milima. Katika mlango wa Seymour Narrows mkondo hufikia kasi ya noti 15, ilhali boti ya wazee hawa ikijitahidi haipiti noti 8 au 9. Kwa hiyo wanasubiri zile dakika chache maji yanaposimama, ndipo wanapita. Zamani hata kusubiri hakukutosha. Katikati ya mlango huo palikuwa na mwamba uitwao Ripple Rock, ulioharibu vyombo zaidi ya 100 na kuua watu wasiopungua 110, hadi tarehe 5 Aprili 1958 ulipolipuliwa kwa zaidi ya tani elfu moja za baruti.

Mkondo huo huo unaotisha ndio unaolisha. Unakoroga maji ya chini, baridi na yenye rutuba, na kuyaleta juu kwenye mwanga. Mimea midogo ya kijani isiyoonekana kwa macho inastawi, wanaila wadudu wa majini, wadudu wanaliwa na samaki wadogo wanaofanana na dagaa, na hao ndio chakula cha samoni. Babu anaporambaza, boti ikienda polepole na mshipi ukiburutwa nyuma, anawatafuta samoni mahali mkondo unapogonga mwamba na kuwakusanya wale wadogo.

Samoni anayetafutwa kuliko wote ni Chinook. Huzaliwa mtoni, huteremka baharini, hukaa huko miaka kadhaa akinenepa, kisha hurudi kwenye mto ule ule aliozaliwa, akiongozwa mwishoni na harufu ya maji yake. Hutaga mara moja, hufa. Mkubwa anapita kilo kumi na tano, na mafuta yake ni mengi kuliko ya samoni wengine. Wanaomtaka kwa sababu hiyo si wavuvi peke yao.

Asubuhi moja ya Julai, upande wa magharibi wa Kisiwa cha San Juan, jimboni Washington, pezi jeusi linachomoza majini, refu kama mtu mzima. Kisha pumzi, pfuu, na ukungu unaning'inia hewani. Linatokea pezi la pili, fupi na la kupinda, na ubavuni mwake pezi dogo la mtoto. Hao ni orka, ambao wengi huwaita nyangumi wauaji, ingawa kwa ukoo ni pomboo, tena wakubwa kuliko pomboo wote. Orka wa familia hizi, wanaoitwa wa kusini, hawali sili wala nyangumi. Wanakula samaki, na zaidi ya samaki wote, Chinook. Wanamtambua hata gizani kwa sauti: wanatoa mibofyo ya haraka na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kibofu cha hewa ndani ya mwili wa samaki hutofautiana aina kwa aina, hivyo na mwangwi wa Chinook si wa samoni mwingine.

Tunawajua orka hawa mmoja mmoja kwa sababu ya mtafiti Michael Bigg wa Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba pezi la mgongoni na doa la kijivu nyuma yake vinamtambulisha kila mnyama, kama alama za vidole. Kuanzia 1976 mtafiti Ken Balcomb, na baadaye kituo chake kisiwani San Juan, wakawa wanawapiga picha na kuwahesabu kila mwaka. Daftari lao ni kama la bibi wa botini, ila lina vizazi ndani yake: nani mama wa nani, nani amezaa, nani hakuonekana tena. Bila subira ya namna hiyo, yanayofuata yasingejulikana.

Jambo la kwanza lililodhihirika ni kwamba mtoto wa orka hawa hahami kwao. Si wa kike, si wa kiume. Dume la tani kadhaa, lenye pezi refu kuliko binadamu, linaogelea ubavuni mwa mama yake mpaka mmoja wao afe. Dume hupandana na majike wa familia nyingine, kisha hurudi kwa mama.

La pili lilishangaza zaidi. Jike la orka huacha kuzaa karibu na umri wa miaka 40, lakini anaweza kuishi miaka mingi baada ya hapo, wengine hadi themanini na zaidi. Kwa wanyama hilo ni ajabu. Tembo huendelea kuzaa hadi uzeeni, na sokwe wengi hufa kabla ya kufika huko. Wanaojulikana kuishi muda mrefu porini baada ya kukoma kuzaa ni wachache mno, miongoni mwao binadamu na aina chache za nyangumi wenye meno, orka akiwemo. Swali ni la wazi. Ikiwa kazi ya viumbe ni kuacha uzao, bibi asiyezaa anabakizwa kwa faida gani?

Jibu moja lilitoka Tanzania. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliishi na Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, wakapima nani anafanya kazi saa ngapi na analeta chakula gani. Waliona akina bibi waliokwisha kukoma hedhi wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa muda mrefu kuliko wanawake vijana. Mama anapokuwa na kichanga, hawezi kuchimba sana. Hapo uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulifuata kazi ya bibi yake. Bibi mchapakazi, mjukuu anayenenepa. Kutokana na vipimo hivyo Hawkes alijenga hoja kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya uzazi yalidumu katika ukoo wa binadamu kwa sababu wajukuu wenye bibi walipona.

Hoja hiyo ilihitaji kupimwa kwa kiumbe mwingine, na yaliyoandikwa kuhusu orka yakawa tayari. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba dume la zaidi ya miaka 30 linapofiwa na mama, hatari yake ya kufa katika mwaka unaofuata huongezeka karibu mara 14. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Lauren Brent lilitazama mamia ya saa za video likiuliza jambo dogo: kundi linaposafiri, nani yuko mbele? Waliokuwa mbele mara nyingi ni majike wazee waliokwisha kukoma kuzaa, na zaidi katika miaka ambayo samoni walikuwa haba. Chakula kikiwa tele, yeyote anaweza kuongoza. Kikipungua, wanamfuata aliyewahi kuiona njaa na akaivuka.

Mwaka 2019 ukaja utafiti uliowaangalia wajukuu wenyewe. Mtoto wa orka aliyefiwa na bibi mzaa mama asiyezaa tena alikuwa katika hatari ya kufa mara 4.5 zaidi katika miaka miwili iliyofuata, na pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi samoni walipokuwa wachache. Na kwa nini bibi asiendelee kuzaa huku akisaidia? Hesabu nyingine, ya 2017, ilionyesha kwamba mama na binti wakizaa wakati mmoja katika familia moja, mtoto wa yule mkubwa ana hatari ya kufa mara 1.7 kuliko wa yule mdogo. Mkubwa anayeshindana na binti yake hushindwa. Akimwachia na kumlishia, ukoo unapata.

Wanawake wa mwambao wetu hawatashangaa. Nenda mwambani bamvua, maji yakiwa yametoka mbali, uwatazame wanaotafuta pweza. Vijana wanachokoa kila tundu. Bibi mzee anakwenda moja kwa moja kwenye shimo alilotolea pweza mwaka jana, maana shimo zuri likiachwa wazi hupata mpangaji mwingine. Nyuma yake anafuata mjukuu na kapu.

Orka maarufu kuliko wote wa kusini alikuwa jike aliyesajiliwa kama J2, na watu wakamwita Granny. Makadirio ya awali yalisema alizaliwa 1911. Baadaye wengine waliupunguza umri huo kwa miaka mingi. Lisilo na ubishi ni kwamba alikuwa mzee sana na alionekana mara nyingi akiwa mbele ya wenzake. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa Oktoba 2016.

Baadhi ya ambao wangechukua nafasi yake hawapo. Hapa ndipo habari hii inaponiuma. Mwezi Agosti 1970 watu wenye boti na vilipuzi waliwasukuma orka hawa hadi ghuba ya Penn Cove, wakawazungushia nyavu na kuwachagua watoto, kwa kuwa mtoto ni rahisi kumsafirisha. Saba waliuzwa kwenye mabwawa ya maonyesho, watano walikufa maji. Miongoni mwa waliouzwa alikuwa jike mdogo, Tokitae, aliyechezeshwa mbele ya watazamaji mjini Miami kwa miongo kadhaa, na akafia huko Agosti 2023. Angebaki baharini, leo angekuwa na umri wa bibi.

Waliobaki wanakabiliwa na njaa. Chinook wamepungua, mito mingine ikiwa imezibwa na mabwawa. Mito ikikosa samaki, kumbukumbu ya bibi haimpeleki popote. Kuna kelele pia: mngurumo wa meli na boti unafunika mwangwi ambao orka anautafuta. Kwa hiyo sheria zimekazwa. Katika jimbo la Washington, tangu Januari 2025, chombo kinatakiwa kukaa yadi 1,000, yaani karibu mita 914, kutoka kwa orka hawa. Hesabu ya Julai 2024 iliwapata 73 tu.

Ndiyo maana asubuhi ile, pezi lilipochomoza, babu hakuongeza mwendo kwenda kupiga picha. Aligeuza boti taratibu kuwapisha, na walipokuwa mbali vya kutosha akazima injini. Bibi akanyoosha mkono na kuzima kipima kina. Vipimo vingi vya boti hutuma sauti ya kilohezi 50. Sisi hatuisikii, lakini mibofyo ya orka iko karibu na hapo hapo. Mjukuu alipewa darubini na akaambiwa atafute aliye mbele.

Na wewe nahodha wa Watamu, Mafia au Kizimkazi, kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita kwetu kutoka bahari za kusini, mama akiwa na mtoto ubavuni. Ukiwaona, punguza mwendo, usiwakatie njia wala usipite kati ya mama na mwanawe. Kama kipima kina hukihitaji kwa usalama wa chombo, kizime.