Kazi Inayoonekana: Vijana wa Kasongo na Kabambare Wanatafuta Nini?

Kwenye njia za kusini mwa Maniema, mkoa wa mashariki ya Kongo, baiskeli husikika kabla haijaonekana. Ni mlio wa bido za manjano zinazogongana, kila moja ina lita 20 za mawese, mbili upande huu, mbili upande ule, na pengine moja juu ya kiti. Hakuna aliyepanda baiskeli hiyo. Kijana anatembea kando yake, mkono mmoja umeshika kijiti kirefu kilichofungwa kwenye usukani, mwingine unasukuma kwa nyuma. Penye mlima huinama mpaka paji la uso linakaribia kugusa bido. Penye mteremko huizuia kwa nguvu za miguu yake, kwa sababu breki zilishakufa. Akifika sokoni atauza mawese, atanunua chumvi, sabuni na vitenge, kisha atageuza baiskeli na kuanza upya.

Si ajabu msukumaji huyo awe na diploma ya Serikali, ile karatasi ya kumaliza sekondari ambayo wazazi waliuza mbuzi na magunia ya mpunga ili aipate.

Wazee wengi wakiulizwa juu ya kizazi hiki hujibu neno moja: vijana wa leo hawataki kazi, wanataka pesa. Maneno hayo husemwa Kasongo, husemwa Wamaza na Salamabila kule Kabambare, na kwa kweli husemwa Dar es Salaam na Mombasa pia. Lakini mtu aliyemwona msukuma mawese kwenye mlima hawezi kusema kijana huyo anaogopa jasho. Anachokikwepa ni kitu kingine: kazi ambayo matunda yake yanaahidiwa kesho, na kesho yenyewe haifiki. Na hofu hiyo hakuizua mwenyewe. Ameirithi.

Mji wa Kasongo umewahi kuwa na sura nyingi za mtu aliyefaulu. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipiga kambi Kasongo, na misafara ya Waswahili kutoka Ujiji ikawa inapita Kabambare ikielekea mto Lualaba. Kijana wa wakati ule, hata yule aliyeletwa kwa nguvu kutoka kijijini kwao, aliona njia moja ya kupanda: ajifunze Kiswahili, avae kanzu, afuate Uislamu, abebe bunduki ya tajiri wake, naye aitwe muungwana. Ndiyo maana Kiswahili cha Maniema mpaka leo kinaitwa Kingwana. Utajiri ule ulisimama juu ya pembe za ndovu na migongo ya watumwa, na hilo halifichiki. Ila kwa kijana ngazi ilionekana kwa macho.

Aprili 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliyoongozwa na afisa wake Dhanis yaliingia Kasongo, na ngazi ile ikavunjwa. Kuanzia mwaka 1917 Wabelgiji walilimisha watu pamba kwa lazima, bei wakapanga wao. Hapo neno kazi likachukua harufu ya fimbo. Baadaye, enzi za Mobutu, ikaja salongo, kazi ya pamoja ya kulima na kufagia iliyoamriwa na serikali bila malipo. Mzee anayeshangaa kwa nini kijana hamwamini mtu anayempa kazi, akumbuke mwenyewe nani alimpa kazi na alimlipa nini.

Katikati ya pamba na salongo lilikuwapo tumaini jingine, nalo lilikuwa kubwa: karani. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianza kutoa kadi ya sifa za uraia kwa Waafrika waliosoma na kuishi kwa mtindo ulioupendeza utawala. Mwenye kadi, mwenye kalamu mfukoni, alikuwa ndiye mtu. Baada ya uhuru wa 1960 sura hiyo ikaendelea: mwalimu, karani wa reli, muuguzi, mfanyakazi wa kampuni ya madini kule Kalima. Mpaka miaka ya 1970 mwalimu aliheshimiwa kijijini, kwa mshahara wake alijenga nyumba na kusomesha wadogo zake. Wazee wanapowashauri vijana wasome wapate kazi, wanazungumza juu ya ulimwengu huo.

Ulimwengu huo ulikwisha mbele ya macho yao. Bei ya bati ilianguka mwaka 1985. SOMINKI, kampuni kubwa iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, ilidhoofika hadi ikafungwa rasmi mwaka 1997. Mishahara ya walimu iliyeyuka kwa mfumuko wa bei, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwalipa kwa kile kilichoitwa prime. Vita vya 1996 na 1998 vikamaliza kilichobaki. Treni kati ya Lubumbashi na Kindu, makao makuu ya Maniema, inayopita magharibi ya Lualaba katika nchi ya Kasongo, ikawa ni ya kuvizia.

Basi kijana aliyezaliwa mwaka 1998 alimwona nani akifaulu kwa subira? Alimwona mwalimu wake akilima shamba la mtu mwingine Jumamosi. Alipotangaza Rais Félix Tshisekedi elimu ya msingi bila malipo, kuanzia mwaka wa shule 2019, watoto walijaa madarasani, na hilo ni jambo jema kabisa. Lakini wako walimu waitwao "N.U.", yaani wapya, ambao hawajaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Wanafundisha, wanasahihisha madaftari, wanangoja. Mwanafunzi anaona jinsi anavyoishi yule anayemwambia asome.

Kisha kuna Salamabila.

Katika vilima vya Namoya, karibu na Salamabila, upande wa Kabambare, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu wananchi kuchimba na kuuza madini, na tangu hapo vijana wa Wabangubangu na wa makabila mengine walitoboa milima kwa sururu. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilipokuja na hati zake, iliwakuta wachimbaji wadogo juu ya vilima kama Mwendamboko na Kakula, na ilibidi wahame. Januari 2016 mgodi wa Namoya ulianza uzalishaji rasmi wa biashara. Wapo waliopata ajira, sare, na mshahara wa kila mwezi. Wengi zaidi walipata uchungu wa kufukuzwa mlimani. Kundi lenye silaha la Mai-Mai Malaika likajitwalia uchungu huo na kuufanya hoja ya bunduki. Septemba 2019, baada ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi, Banro ilisimamisha kazi Namoya. Ngazi nyingine ikakatika, safari hii ndani ya miaka minne tu.

Shimo la mchimbaji mdogo lina utaratibu wake, na ukiutazama kwa karibu unaeleza mengi kuhusu fikra za vijana. Mwenye shimo huitwa PDG, jina walilolichukua kwa wakurugenzi wakuu wa makampuni. Yeye hutoa chakula, kamba, mbao za kuzuia udongo na mafuta ya mashine ya kuvuta maji. Vijana huweka miili yao. Wiki au miezi inaweza kupita bila mwamba wenye dhahabu kuonekana, na muda wote huo deni la bugali na sombe linaandikwa. Siku mwamba unapofikiwa, magunia ya mawe hugawanywa shimoni palepale: fungu la PDG, fungu la timu, na mafungu ya wenye ardhi, wenye vyeo na mara nyingi wenye silaha. Mawe hupondwa, husagwa, huoshwa, hukorogwa na zebaki, kisha zebaki huchomwa motoni na moshi wake hukaa katika mapafu ya aliyeinama karibu.

Mwishoni kijana anasimama mbele ya mnunuzi mwenye mizani ndogo. Katika masoko mengi ya dhahabu mashariki ya Kongo upande mmoja wa mizani huwekwa sarafu kuukuu na njiti za kiberiti kama mawe ya kupimia. Njiti moja inaondolewa, nyingine inaongezwa. Hakuna maneno. Kijana anaangalia sahani zikisawazika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo anajua jasho lake ni kiasi gani, kwa dola, sasa hivi, mkononi. Hakuna ofisi iliyowahi kumwonyesha hivyo.

Hapo ndipo penye jibu. Dhahabu ndilo zao pekee la kusini mwa Maniema lisilohitaji barabara. Mpunga unahitaji. Ardhi ya Kasongo ni ya mpunga tangu siku za Waswahili waliouleta, tena mpunga mzuri. Lakini ukishapandwa huchukua kama miezi minne, ukivunwa hukutana na njia ya matope, daraja lililovunjika na mnunuzi anayejua kwamba mkulima hana pa kwenda. Gramu ya dhahabu inakaa ndani ya karatasi ya sigara. Na bei yake imepanda mno: wakia moja ilivuka dola 2,000 mwezi wa Agosti 2020, ikavuka dola 4,000 Oktoba 2025. Kijana anayechagua shimo badala ya shamba amepiga hesabu, hajachagua uvivu.

Hesabu hiyo ina upande wa kuumiza. Pesa iliyokuja kwa siku moja mara nyingi huondoka kwa siku moja, kwa pombe, kwa muziki na kwa kuwaonyesha wenzake. Wavulana huacha shule wakiwa na miaka 13 au 14. Mashimo huporomoka na kuzika watu. Makala hii haitaki kupamba hayo. Tena, siku hizi simu imefupisha zaidi subira: kijana wa Wamaza anayepata mtandao anaona kwenye TikTok magari ya Kinshasa na nyumba za Ulaya, haoni miaka iliyotangulia.

Hata hivyo wako wanaojiwekea akiba kimya kimya. Wanaungana watu kumi katika likelemba, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila juma mmoja wao anachukua chote. Kwa zamu yake kijana hununua mabati, kiwanja, au pikipiki ya TVS au Boxer ili awe motari, yaani mwendesha pikipiki wa abiria. Pikipiki imekuwa cheti cha kizazi hiki: inaonekana, inaingiza pesa kila jioni, na inaweza kuuzwa mtu akiugua.

Wasichana hutajwa kidogo katika mazungumzo haya, nayo ni dhuluma. Machimboni desturi huwazuia kushuka shimoni. Kazi yao ni kuponda mawe kwa vinu vya chuma, kuosha mabaki ya mchanga, kupika na kuuza. Hupata fungu la mwisho. Ila wauzaji wa mchele, mawese na vitenge katika masoko ya Kasongo kwa sehemu kubwa ni wanawake, na mtaji wao mdogo ndio unaolipa madaftari ya kaka anayetafuta bahati Salamabila.

Wakongo wana neno kwa maisha ya namna hii: Kifungu cha 15. Husimuliwa kwamba katiba ya jimbo lililojitenga la Kasai ya Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na kifungu cha kumi na tano kinachomwambia raia ajitafutie mwenyewe. Ni hadithi, lakini nchi nzima imeishi kwa kifungu hicho kwa miaka zaidi ya 60. Zaidi ya nusu ya Wakongo hawajatimiza miaka 20. Hawajui kifungu kingine.

Kwa hiyo mwenye mamlaka Kindu au Kinshasa anayetaka vijana warudi shambani, aanze na njia ya Kasongo hadi Kindu na ile ya Kabambare, na amlipe mwalimu aliye darasani leo. Naye mzazi anayemwona mwanawe akifunga begi kwenda Salamabila, asimwite mvivu. Amkalishe, amuulize anategemea kupata nini na kwa muda gani, amsaidie kutafuta likelemba ya kuwekea atakachokipata, na amwambie asiinamie moshi wa zebaki.