Farasi, Mitende na Bokoboko: Shamba Moja la Oman

Jamaa kutoka Unguja na Mombasa wakija kututembelea huku Oman, wakamwona farasi uani, huuliza: mnyama mwenye mori kiasi kile anaishije karibu na jiko na watoto? Wao wamezoea punda. Pwani yetu hata watu wenye uwezo walipanda punda weupe wa Maskati, na bara mbung'o walimmaliza farasi kwa ugonjwa wa nagana. Farasi akabaki mnyama wa wafalme. Mwaka 1840, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipoituma merikebu yake Sultana hadi New York, miongoni mwa zawadi kwa rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.

Ukitaka kuelewa farasi anavyokaa na watu huku, anza shambani. Vijiji vingi vya ndani ya Oman huishi kwa falaji, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya milima na kuyagawa kwa zamu, kila mwenye haki na muda wake. Maji hayo hunywesha mitende, na chini ya mitende, kwenye kivuli, hupandwa alfalfa. Tende nzuri huenda na kahawa ya wageni. Zilizopondeka au kukauka hupewa mifugo, na alfalfa hukatwa mbichi kwa ajili yao. Kwa hiyo mnyama na mwenye nyumba wanakula chini ya mti mmoja. Kusini, kwenye pwani kavu, dagaa wakavu walishika nafasi ya majani. Marco Polo, katika karne ya 13, alisimulia kwamba huko Shihr, ambayo leo iko Yemen, hata farasi walilishwa samaki wadogo, na Ibn Battuta naye aliwataja mifugo wa Dhofar wanaokula dagaa.

Na ule mori? Farasi wa Kiarabu alikuzwa na Mabedui jangwani, majani yakiwa haba, na maziwa ya ngamia yakawa sehemu ya chakula chake. Kwa safari za uvamizi walipenda zaidi jike, kwa sababu hapigi kelele anapowasikia farasi wa adui. Jike wa thamani aliweza kulala hemani pamoja na wenyewe. Fikiria maana yake, kizazi baada ya kizazi: asiye na mbio hakuwa na kazi, na mwenye kuuma watoto hakuwa na mahali. Ndiyo maana moto na upole vinakaa ndani ya mnyama mmoja. Mimi naamini anayejaribu kuuzima ule moto kwa fimbo anaharibu nusu ya kile Mabedui walichokilea. Atazame ardha, mchezo wa farasi na ngamia wa Oman ulioingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2018: farasi wanakwenda shoti, mpandaji kasimama wima mgongoni, na kabla ya hapo farasi huyo huyo ameamriwa alale chini, akalala.

Nyumbani kwetu maisha na jike wetu ni ya saa zaidi kuliko ya ushujaa. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, wala hawezi kutapika; chakula kingi kwa mkupuo, au nafaka mpya aliyopewa ghafla, humletea msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Basi hula kidogo kidogo mchana na usiku. Shayiri ikizidi, anarukaruka na kuvuta hatamu. Tukiipunguza na kuongeza majani, anatulia. Tende anapewa chache, kokwa zimetolewa. Wakati wa joto kali hutolewa alfajiri, mwendo wa matiti kwanza, shoti baadaye, na chumvi haikosekani, maana jasho limeichukua.

Ratiba hiyo ndiyo imechagua mapishi yetu. Bokoboko, ambayo Waomani huiita harisi, haihitaji mtu kusimama jikoni. Ngano iliyomenywa inarowekwa usiku, ndoo ya shayiri ya farasi ikiwa kando yake. Asubuhi na mapema inatiwa chunguni pamoja na nyama yenye mfupa, maji mengi, chumvi na kijiti cha mdalasini, moto mdogo, kisha watu wanakwenda bandani. Wakirudi saa kadhaa baadaye nyama imeachia mfupa. Mifupa inatolewa, na kazi ya mikono inaanza: kuponda na kusonga kwa mwiko mpaka ngano na nyama zishikamane na kuvutika. Mwiko ukiingia kwa urahisi, bado. Juu inamwagiwa samli ya moto na vitunguu vilivyokaangwa, na wale wa kwetu Pwani huongeza sukari kidogo pembeni.