Si kila mtawala ni mfalme

Kanuni za lugha ya heshima huvunjwa mara nyingi zaidi na watu wanaotaka kuheshimu kuliko wanaotaka kutukana. Katika mikutano ya hadhara, kuanzia Bungoma hadi Kitale, si ajabu kumsikia msimamizi wa shughuli akimtaja "Mfalme Nabongo" wa Wanga au "Mfalme Kabaka" wa Buganda. Anadhani amemwongezea mtajwa hadhi, kumbe amesema jambo moja mara mbili. Nabongo na Kabaka ni vyeo, si majina ya watu. Anayesema "Mfalme Kabaka" hana tofauti na anayesema "Rais Mkuu wa Nchi". Usemi sahihi ni Nabongo Mumia, au Kabaka Ronald Mutebi wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1993.

Hata hivyo, kosa hilo la urudufu ni dogo. Kosa kubwa ni lile la maana. Cheo si pambo; ni maelezo mafupi ya mamlaka aliyo nayo mtu, yalikotoka na yanakokomea. Ukikibadilisha, umebadilisha historia.

Chukua mfano wa Mumia huyo huyo, ambaye baadhi ya waandishi humwita "Mfalme wa Waluhya". Mumia alikuwa Nabongo wa Wanga. Ni serikali ya kikoloni iliyomfanya Chifu Mkuu mwaka 1909, ikawatuma jamaa zake kutawala jamii jirani. Nduguye, Murunga, alipewa Kimilili, katika nchi ya Wabukusu. Wabukusu wenyewe hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee wa koo, na miongoni mwao omukasa, kiongozi aliyeheshimiwa kwa busara na sifa zake. Hao ndio watu waliopigana na Waingereza, pamoja na washirika wao wa Wanga, pale Lumboka na Chetambe mwaka 1895. Kumwita Mumia mfalme wao ni kuwafanya raia wa ufalme ambao hawakuukubali. Tena, jina "Waluhya" lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, Mumia akiwa tayari mzee. Yawezekanaje mtu akatawazwa juu ya jina ambalo lilikuwa halijaanza kutumika?

Upande wa Kitale, ambako Wabukusu, Wasabaoti na Wanandi huishi kwa ujirani, kosa hilo hujitokeza kwa sura nyingine. Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905, hutajwa kuwa "Mfalme wa Wanandi". Koitalel alikuwa orkoiyot. Orkoiyot alitabiri, alibariki na kutoa ushauri kuhusu vita. Lakini mambo ya kila siku yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Kumwita mfalme hakumkwezi hata kidogo. Kunaficha aina ya uongozi waliyokuwa nayo Wanandi.

Isitoshe, neno moja laweza kupanda na kushuka kwa kuvuka mpaka tu. Nchini Rwanda, mwami alikuwa mfalme hadi ufalme ulipoondolewa mwaka 1961. Kwa Waganda, omwami siku hizi aweza kuwa bwana yeyote yule. Kwa Waluhya wengi, omwami ni mkubwa wa eneo. Nalo neno "chifu" tulilipata kwa Waingereza, ambao kwa sheria ya mwaka 1902 walianza kuteua viongozi wa vijiji kwa niaba ya serikali. Hadi leo chifu ni mtumishi wa serikali. Kumwita mzee wa ukoo "chifu" ni kumvisha sare ambayo hakuiomba.

Yamkini msomaji atauliza: je, Kiswahili kisitumie neno lake chenyewe? Kitumie, lakini kwa kufafanua, si kwa kufuta. Andika mara ya kwanza "Nabongo, yaani mtawala wa Wanga", kisha uendelee na Nabongo. Wasomaji wetu si wageni wa jambo hili. Pwani, watawala wa Zanzibar waliojulikana kwa Wazungu kama masultani waliitwa Seyyid na watu wao, na hakuna aliyepotea njia. Kwa watawala wa nchi za nje wenye ufalme hasa, neno letu latosha: Mfalme Charles wa Tatu, aliyezuru Kenya mwaka 2023, na wala si "Charles Tatu".

Wahenga walisema heshima si utumwa. Basi tusiigeuze kuwa utumwa kwa kuwasujudisha babu zetu mbele ya viti vya enzi ambavyo havikuwako. Nabongo aitwe Nabongo, orkoiyot aitwe orkoiyot, na omukasa wa Bungoma abaki omukasa. Kila mmoja ana heshima yake, na heshima hiyo imo ndani ya jina lake.